Hela ya Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti: fulana, kambi ya kupima, nauli au mashine? Tulivyolinganisha kwenye kikoba chetu

Jamani habari zenu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Muheza, tupo 32. Mwaka huu mwenzetu mmoja alitutoka kwa saratani ya titi, tukakubaliana faida ya mwisho wa mzunguko tusigawane yote, tukatenga milioni nne, halafu binti wa mwenzetu mmoja aliyeko Muscat akawashika wenzake huko wakachanga, ikafika milioni sita na laki mbili. Hapo ndo shida ikaanza maana hela ipo na kila mtu ana lake. Mwenyekiti anataka matembezi na fulana za pinki. Katibu anataka tuite madaktari waje kupima bure uwanjani. Mwingine anasema tupeleke yote Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar, waamue wenyewe. Na yupo aliyeleta wazo la kununua mashine ya mamogramu, ile ya kupiga picha matiti, kwa milioni sita, nilitoka nje nikanywe maji kwanza.

Nimekaa wiki tatu nasoma, nasumbua manesi, nasumbua mtu wa ustawi wa jamii hospitali, mpaka wakawa wakiniona wanacheka. Nilichopata nakiweka hapa kwa sababu najua vikundi vingi vinakwama palepale tulipokwama sisi.

Kwanza kipimo cha kulinganishia, maana bila hicho kila wazo linaonekana zuri. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa saratani ya matiti walioanzisha 2021, na wamejiwekea namba tatu ambazo hata mtu wa kikoba anazielewa. Asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike wakiwa hatua ya kwanza au ya pili. Kuanzia siku mwanamke anapofika kituo cha afya na kivimbe mpaka apate jibu kamili isizidi siku 60. Na asilimia 80 ya wanaoanza matibabu wamalize. Basi. Kila wazo lililoletwa mezani nikawa nauliza, hii hela inasogeza namba ipi kati ya hizo tatu? Kama haisogezi hata moja, hiyo ni sherehe, na sherehe sio dhambi ila tuiite sherehe.

Tuanze na matembezi na fulana.

Utepe wa pinki wenyewe ulianza kusambaa Marekani 1992, na matembezi na mbio za saratani ya matiti zilishaanza kabla ya hapo, Race for the Cure ya shirika la Susan G. Komen ilianza Dallas 1983. Sasa watu wanaona picha wanadhani pinki ndo kazi yenyewe, kumbe wale Komen kwa miaka mingi walikuwa wanakusanya hela za mbio halafu mpaka asilimia 75 ya kinachobaki inarudi kwenye jamii ileile ilikochangwa, kupima watu, kuwasindikiza kwenye matibabu, kuelimisha, na 25 inaenda kwenye utafiti. Yaani mbio zilikuwa ni mtego wa kukamatia hela. Sisi hapa tunageuza, tunachukua hela tuliyonayo tunaipeleka kwenye mbio! Tunanunua fulana mia mbili, spika, maji, keki, mgeni rasmi na bahasha yake, jioni tunarudi nyumbani tuna picha. Huko huko Marekani kuna kikundi kilianzisha kampeni 2002 ya kuwaambia watu wafikirie kabla ya kununua vitu vya pinki, waulize hela inakwenda wapi, kwahiyo hili swali sio la wivu wa mweka hazina wa Muheza.

Matembezi yanafaa kama kuna mtu mwingine anayalipia, tuseme duka kubwa au benki inataka jina lake lionekane, na kama watu wanaochangia siku ile wanachangia kitu kilichotajwa. Kwa hela yenu wenyewe, hapana.

Halafu elimu yenyewe, kuna jambo lilinishangaza. Sisi sote tumefundishwa "jipime mwenyewe kila mwezi". Shanghai walifanya utafiti mkubwa kwa wanawake wa viwandani karibu 266,000, nusu wakafundishwa kujipima vizuri kabisa na kukumbushwa, nusu hawakufundishwa, wakafuatiliwa miaka kumi hivi, majibu yakatoka 2002, vifo havikupungua kwa waliofundishwa, kilichoongezeka ni watu kukatwa vinyama vya uvimbe usio saratani. Sasa hii haimaanishi usijijue mwili wako, ukiona kivimbe au chuchu imeingia ndani au inatoa damu au ngozi imekuwa kama ganda la chungwa nenda, hata kama hakuumi, na hasa kama hakuumi maana wengi wanangoja maumivu. Ila inamaanisha kuchapisha vipeperushi elfu tano vya kujipima na kuishia hapo ni hela imelala.

Kambi ya kupima bure, hili ndo wazo lililopendwa na wengi na ndo nililolibishia kuliko yote, kwahiyo nivumilieni.

Uzuri wake unauona kwa macho. Watu wanakuja. MEWATA, kile chama cha madaktari wanawake, walipoanza kampeni zao za kupima matiti kwenye 2005 hivi, wanawake walijitokeza kwa maelfu, kwahiyo anayesema wanawake wa Tanzania hawataki kupimwa hasemi kweli, wanataka sana, tatizo wanapimiwa wapi na baada ya hapo nini. Na kupimwa kwa mkono tu na mtu aliyefundishwa sio kitu cha kudharau. Mumbai walifanya jaribio kwa wanawake zaidi ya 150,000, waliokuwa wanapima hawakuwa madaktari bali akina mama waliofundishwa, wanazunguka kila baada ya miaka miwili, majibu ya miaka ishirini yalitoka 2021. Kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya 50 havikupungua, ila kwa ujumla kansa ziligundulika mapema zaidi. Mkono tu huo, hakuna mashine.

Lakini soma tena, kila baada ya miaka miwili, na nyuma yao kulikuwa na hospitali inayowapokea. Kambi yetu ni siku moja. Nilishawahi kusaidia kambi kama hiyo miaka ya nyuma, waandaaji siwataji, tulipima akina mama toka asubuhi mpaka jua linazama, kumi na moja wakapewa karatasi ya rufaa kwa sababu wana kivimbe. Mahema yakakunjwa, gari ikaondoka. Miezi minne baadae nikaanza kuwatafuta mmoja mmoja kwa simu. Watatu tu ndo walikuwa wamefika walikoambiwa waende. Mmoja aliniambia karatasi ameiweka kwenye kabati pamoja na vyeti vya watoto, anasubiri wauze machungwa. Na huyo sio mjinga wala hajapuuza, alipiga hesabu ya nauli kwenda na kurudi, kulala, kula, kipimo, na mtu wa kumsindikiza, akaona haifiki.

Tangu siku hiyo mimi naamini kumwambia mtu "una kivimbe" halafu ukaondoka ni kumwachia mzigo ambao jana yake hakuwa nao, hata usingizi unamnyima. Kambi bila hela ya hatua inayofuata isifanyike. Kama mna milioni sita na mnataka kambi, basi kambi ipewe moja na nusu na nne na nusu zikae zinasubiri watakaogundulika. Waandaaji wengi hufanya kinyume chake, zote siku ile, baadae Mungu atajua.

Mashine ya mamogramu sitaichambua sana. Hata mkipata mfadhili wa kuinunua, ina umeme wake, fundi wake, mtu wa kuipiga na daktari wa kusoma picha, na wanawake wetu wengi wanaougua ni wa umri mdogo ambao titi bado ni zito, picha inaficha, hapo ultrasaundi inasaidia zaidi. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema upimaji wa mamogramu kwa watu wote ni kwa nchi zenye mfumo imara, wengine tuanze na kuwawahisha wenye dalili. Akija tajiri anataka kuwapa mashine mwambieni asante, muulize kama atalipa pia mshahara wa mtu wa kuiendesha miaka mitano. Atapunguza kasi mwenyewe.

Sasa nauli na vipimo. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, sifichi.

Njia ya mwanamke mwenye kivimbe ipo hivi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, labda Bombo, hospitali ya mkoa pale Tanga, halafu anachomwa sindano nene ya kutoa kinyama, kinyama kinawekwa kwenye kikopo cha dawa kinapelekwa maabara, anasubiri. Majibu yakija ni saratani kuna kipimo kingine juu ya kinyama kilekile cha kujua ni aina ipi, inalishwa na homoni au la, na hiki watu wengi hawakijui na ndo kinaamua dawa. Mtu ambaye saratani yake ni ya homoni anaweza kupewa vidonge vya tamoksifeni, vidonge vya bei ndogo ukilinganisha na dawa nyingine za kansa, anameza kimoja kila siku miaka mitano au zaidi na vinaokoa kweli. Bila kile kipimo daktari anabahatisha. Kwahiyo hela ya kipimo kimoja inafungua mlango wa matibabu ya miaka mitano, nionyeshe fulana inayofanya hivyo.

Watu watasema matibabu ya kansa si bure? Sera inasema wagonjwa wa saratani wana msamaha, sawa, na Ocean Road inawabeba wengi sana, tusiwakosee. Ila msamaha haupandi basi. Haulipi chumba Dar wiki tatu au tano za mionzi, unaenda kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa, dakika chache kwenye mashine na siku nzima haina pa kukaa. Na kuna siku dawa haipo ndani unaandikiwa ukanunue nje. Kule Butaro, Rwanda, kituo cha kansa kilichofunguliwa 2012 serikali ikishirikiana na shirika la Partners In Health, wagonjwa maskini wanasaidiwa nauli na chakula kama sehemu ya matibabu yenyewe, sio hisani ya pembeni.

Kuna utafiti pia uliofuatilia wagonjwa wa saratani ya matiti nchi kadhaa za Afrika, Uganda na Zambia zikiwemo, ulitoka 2020. Waliona kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo vingezuilika kwa kuwahi mapema na kutibiwa ipasavyo, na hawakuwa wanazungumzia kupima watu wasio na dalili, wanazungumzia hawahawa ambao kivimbe wanakijua tayari. Mimi hiyo ilinimaliza. Hawa hatuhitaji kuwatafuta na spika, wapo, wana karatasi kabatini.

Ubaya wa mfuko wa nauli, niuseme pia nisije nikaitwa muuzaji. Haupigi picha. Mfadhili akiuliza mmefanya nini unamwambia tumempeleka mama fulani Dar mara nne, hapo hamna utepe wa kukata. Pili unaleta maneno, kwanini yule amepewa na huyu hajapewa, kijijini hapa kila mtu ni shangazi wa mtu. Tatu hela inaweza kuliwa, sio lazima na wezi, inaliwa na ada ya mtoto au na mume aliyeiona kwenye simu. Na nne ndo ngumu zaidi, inabidi mjue kusema hapana. Kuna aina ya saratani inahitaji dawa ya trastuzumabu, inachomwa kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima, mgonjwa mmoja atamaliza mfuko wote na kabla hajafika katikati mmefilisika wote. Tulilia kwenye kikao kile, sitanii, lakini tukaandika kwamba mfuko wetu haulipii dawa hiyo, unalipia kumfikisha kwa watu wenye uwezo wa kumwombea msaada wake.

Kufundisha wahudumu wa afya. Hili hakuna aliyelitaja kikaoni, nimelikuta mwenyewe nikasoma. Hukohuko Rwanda, wilaya ya Burera ilipo Butaro, waliwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii na manesi wa vituo vya afya kutambua dalili, kupima kwa mkono na kujua nani wa kumpa rufaa na nani wa kumtuliza, na kwenye vituo vilivyofundishwa wagonjwa waliokuja wakiwa hatua za mwanzo waliongezeka kuliko ambako hawakufundishwa. Ukilinganisha na kambi, kambi inaondoka na gari lakini nesi wa zahanati yupo kesho na keshokutwa. Ni rahisi kuliko unavyodhani pia, mkufunzi siku mbili tatu, chakula cha mchana, nauli zao, na barua kwa mganga mkuu wa wilaya maana bila yeye hamuingii zahanati hata moja, msije mkaanza na manesi mkadhani ni shortikati. Tatizo wanahamishwa. Unamfundisha leo mwakani yupo Kilindi. Ndo maana ni bora wahudumu wa jamii wenyeji wa pale ambao hawaendi kokote, na kurudia kila mwaka.

Na ile ya kupeleka hela yote hospitali kubwa au shirika kubwa? Kwa mtu aliyeko mbali, kama hao dada zetu wa Muscat ambao hawawezi kufuatilia risiti, naiheshimu, wenzetu wana mahesabu yanayokaguliwa na wanajua wagonjwa waliokwama leo. Ila uliza mambo mawili tu: mna akaunti ya wagonjwa wasiojiweza inayosimamiwa na ustawi wa jamii, na mtanipa taarifa ya matumizi bila kunipa majina? Wakikujibu yote mawili vizuri toa. Wakikutumia picha ya mgonjwa amekaa kitandani kifua wazi ili uguswe, usitoe. Kwa kikundi kilichopo palepale kijijini naona ni kupoteza kitu ambacho shirika kubwa halina, yaani sisi tunajua nyumba ya nani haijafunguliwa mlango siku mbili.

Kwahiyo kama mna laki tano mpaka milioni, msigawanye, wekeni yote kwenye nauli na kipimo cha kinyama, watu wachache mpaka mwisho wa njia. Kama mna kama zetu, nauli na vipimo sehemu kubwa, mafunzo ya wahudumu sehemu ndogo, kambi msubiri. Mkiwa na makumi ya milioni au mfadhili wa kila mwaka, hapo ongezeni kambi inayorudiwa na nyumba ya kulala wagonjwa Dar, na msitegemee Oktoba peke yake. Hao Komen niliowataja, mwaka 2012 waliingia kwenye mgogoro mmoja wa siasa na michango ikashuka vibaya, na waliotegemea mbio za mwaka waliumia.

Namna ya kutoa tumeelewana hivi: tiketi ya basi tunakata wenyewe, chumba tunalipa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, hela ya chakula ndo inaenda kwa mgonjwa kwenye simu yake sio ya mtu mwingine. Kila anayesafiri ana msindikizaji mmoja kutoka kikundini kwa safari ya kwanza tu, anayejua mlango wa kuingilia na dirisha la kuulizia, maana wengi wanarudi sio kwa sababu ya hela, wanarudi kwa sababu walifika wakazungushwa wakachoka.

Kikao kilipiga kura. Milioni nne na nusu mfuko wa nauli na vipimo, milioni moja na laki mbili mafunzo ya wahudumu wa jamii, na laki tano fulana arobaini kwa sababu mwenyekiti hakukubali kushuka chini ya hapo na mimi nilishachoka kubishana. Daftari la mfuko lipo kwangu, lina safu nne, namba badala ya jina, tarehe ya rufaa, tarehe ya majibu, tarehe ya kuanza dawa. Wa kwanza kuandikwa ni yule wa machungwa. Kutoka rufaa mpaka majibu, safu yake inasomeka mwaka mmoja na miezi saba. Wa pili yupo siku ya 23, kinyama chake kipo maabara, na kila jioni nampigia nesi kumuuliza.

Fulana nazo zimekuja. Rangi sio pinki, ni kama nyekundu iliyofuliwa sana, mwenyekiti hajafurahi.